Pesa Iende Kwanza kwenye Spika

Ukitaka muziki mzuri kutoka kwenye kompyuta na mfuko ni mdogo, anza na spika. Hapo ndipo tofauti husikika kweli, kwa hiyo sehemu kubwa ya bajeti iende huko.

Kinachofuata ni kigeuzi cha sauti, kile kifaa kidogo cha USB kinachobadili tarakimu kuwa mawimbi ya umeme. Kama tundu la hedifoni la kompyuta yako halina mvumo wala mikwaruzo, kinaweza kusubiri. CD hubeba sampuli 44,100 kwa sekunde, za biti 16, na hata vigeuzi vya bei nafuu huzimudu.

Sasa waya. Muuzaji atakwambia kebo ya USB ya bei kubwa hung'arisha sauti. Usikubali! Kebo hiyo hupeleka tarakimu tu. Zikifika salama, ni zilezile. Chagua iliyo imara, isiyozidi mita 5. Waya wa spika uwe wa shaba halisi: kwangua ncha uangalie, maana upo unaouzwa ambao ni alumini iliyopakwa shaba. Na ukisikia mvumo baada ya kuunganisha, chomeka kompyuta na amplifaya kwenye ekstensheni moja. Kama ni kompyuta mpakato, chomoa chaja usikilize kama mvumo unakoma.