Gofu Lirudishwe Kazini

Maneno yaliyosemwa na mwalimu wa dini katika mkutano wa jubilei



Nimepewa nafasi fupi ya kunena juu ya ghala kuukuu lililo nyuma ya soko letu. Hapana asiyelijua. Paa lake limeporomoka upande mmoja, miti imeota ukutani, na popo ndio wenyeji wake. Wako wasemao libomolewe na mawe yake yauzwe. Wako wasemao litengenezwe, liwe nyumba ya watu wote: pa kusomea vijana wakati wa jioni, pa kushonea kina mama, pa kufanyia mikutano na arusi. Mimi ni katika hao wa pili, nami nitawaeleza sababu zangu, na hatari zake pia, kwa kuwa asemaye faida peke yake hajasema kweli yote.

Wazo hili si geni. Kule Unguja, mbele ya bandari, iko nyumba ya ghorofa yenye roshani za mbao zilizotiwa nakshi. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka wa 1887 na tajiri Tharia Topan, iwe ukumbusho wa jubilei ya miaka 50 ya Malkia Victoria wa Uingereza, naye aliikusudia kuwa hospitali ya maskini. Akafa mwaka wa 1891 kabla haijakwisha, na mjane wake akaimaliza. Baadaye chini palikuwa na zahanati, na juu wakakaa watu. Ndiyo sababu hata leo huitwa Zahanati ya Zamani. Baada ya mapinduzi ya mwaka wa 1964 ikakosa mtu wa kuiangalia, ikachakaa sana. Katika miaka ya 1990 shirika la utamaduni la Aga Khan likaitengeneza, ikawa Kituo cha Utamaduni cha Mji Mkongwe. Tazameni basi: nyumba iliyoanzishwa kwa ajili ya jubilei ilikuwa karibu kufa, nayo ikaponywa kwa kupewa kazi nyingine.

Sasa sikilizeni habari ya ufundi. Nyumba zetu za pwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu na dari huchukuliwa na boriti za mikoko. Adui wake ni maji. Mlizamu ukiziba, maji hushuka ndani ya ukuta, chokaa hulegea, na ncha za boriti zilizofichwa ukutani huoza pasipo kuonekana. Katika nyumba yenye watu, doa la maji huonwa mapema. Katika nyumba tupu hukaa miaka. Kwa hiyo kazi huanza juu: kwanza paa na milizamu, kisha boriti, kisha kuta, na rangi mwisho kabisa. Tena, msikubali fundi apake saruji juu ya ukuta wa chokaa, ati apate kuupa nguvu. Saruji ni ngumu, haipitishi unyevu. Maji yaliyomo hufungiwa ndani, na ukuta huharibika nyuma ya lipu iliyo nzuri machoni. Chokaa hupigwa lipu ya chokaa.

Nilisema iko hatari. Siku ya tarehe 25 Desemba mwaka wa 2020, sehemu ya Beit-al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash huko Unguja mwaka wa 1883, ilianguka katika kutengenezwa, na watu wawili waliokuwa kazini wakafa. Basi vijana wenye moyo wasiingie kesho na majembe na ngazi. Kwanza aje mtu ajuaye majengo, apime kuta, aseme palipo na hofu. Na mahali asemapo pategemezwe kwa nguzo, pategemezwe kabla ya kugusa jiwe lo lote.

Wazee wauliza: fedha zitatoka wapi? Ni swali la haki, nami nalipanua: fedha za mwaka wa kumi zitatoka wapi? Kutengeneza mara moja huleta shangwe. Kusafisha milizamu kila kabla ya masika hakuleti shangwe, lakini ndiko kuiokoa nyumba. Kwa hiyo chumba kimoja au viwili vya mbele vikodishwe kwa wenye maduka, na kodi ile iwekwe kwa matengenezo peke yake. Na ufunguo usikae kwa mtu mmoja. Nyumba ya wote ambayo ufunguo wake u mfukoni mwa mmoja, hiyo ni nyumba yake.

Wasemao mawe yauzwe, nawajibu kwa heshima. Mawe huuzwa mara moja, na bei yake huliwa. Nao vijana wasiokuwa na pa kukaa jioni watabaki barazani pa vilabu kama walivyo leo.

Naomba basi mambo matatu kabla ya masika. Hati ya kiwanja itafutwe, tujue mwenye mali ni nani na atukubalie kwa maandiko. Mjuzi wa majengo aitwe. Paa lifunikwe, hata kwa mabati makuukuu, mvua isizidi kuingia. Mengine yaweza kungoja, mvua haingoji.