Arobaini Isiwe Mlango Uliofungwa



Mara mtoto anapolia, neno hupelekwa kwa wazee na majirani kwamba mama amejifungua salama. Vigelegele hupigwa, na macho ya watu wote humgeukia mtoto. Hapo ndipo mama huanza kusahauliwa, na hapo ndipo hatari yake kubwa ilipo.

Adui wa kwanza ni damu. Kondo likishatoka, mji wa mimba hutakiwa kujikaza ili kuifunga mishipa iliyoachwa wazi. Usipojikaza, mama aliyekuwa mzima anaweza kufariki katika muda wa saa chache. Ndiyo maana huchomwa sindano ya oksitosini mara tu mtoto anapozaliwa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2023, uliofanyika katika nchi nne za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, ulionyesha kwamba damu ikikingwa na kupimwa badala ya kukisiwa kwa macho, na matibabu yote yakatolewa kwa pamoja bila kungoja, visa vya hatari kubwa hupungua kwa asilimia 60.

Homa na kifafa cha mimba navyo huweza kuzuka siku kadhaa baadaye, mama akiwa amekwisha kurudi nyumbani. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani hushauri mama akae kituoni angalau saa 24, aonwe tena siku ya pili au ya tatu, kisha katika wiki ya pili, na tena katika wiki ya sita.

Wiki sita hizo zinakaribiana mno na arobaini ya jadi. Mila hiyo ina busara yake: mzazi hupumzishwa, hukandwa, hunyweshwa uji wa pilipili manga. Kosa ni kuigeuza arobaini kuwa mlango uliofungwa, hata mzazi anayetetemeka kwa homa akaambiwa avumilie, eti ndivyo uzazi ulivyo.

Taifa limepiga hatua. Katika utafiti wa mwaka 2015/16 vifo vya uzazi vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Katika ule wa mwaka 2022 vilikuwa 104. Lakini waliobaki katika hesabu hiyo nao walikuwa mama wa watu.

Basi mume na mkwe wanapoingia chumbani, wasimfunue mtoto kwanza. Wamwulize mzazi: damu inatokaje? Kichwa kinauma? Jibu likitia shaka, safari ya kituoni ianze saa ile ile.