Wati za Kwenye Katoni na Wati za Kweli

(Mada iliyotolewa kwa vikundi vya kujisaidia vya Likoni, Kisauni na Changamwe)



Mlituomba tuseme juu ya mradi ambao vikundi vingi sasa vinaupenda, yaani kununua spika na kuzikodisha. Si jambo la ajabu. Viti, mahema na masufuria tayari mnavyo. Leo kuna harusi Mtongwe, kesho matanga Mikindani, kesho kutwa mkutano wa wazazi Mlaleo, na kila mahali watu wanataka kusikia. Lakini spika ni kitu cha bei, na bei yenyewe hutoka katika akiba ya mia mbili mia mbili. Basi leo tujifunze kuzisoma zile namba zilizoandikwa kwenye katoni na nyuma ya spika. Tuzisome kama vile mweka hazina anavyosoma kitabu cha benki.

ELFU NANE ZIMEKWENDA WAPI?

Kuna kikundi cha kina mama upande wa Likoni ambacho huwa tunakitembelea. Walichanga zaidi ya mwaka mzima, wakanunua spika za nyumbani, zile zenye sabufa katikati na taa za rangi mbele. Kwenye katoni paliandikwa kwa herufi kubwa: wati 8,000. Kazi yao ya kwanza ilikuwa harusi. Walioketi mbele walisikia vizuri, lakini walioketi mwisho wa hema walisikia mvumo tu. Wakaongeza sauti, sauti ikaanza kukwaruza. Kabla ya saa nne usiku ikatoka harufu ya kuungua, na mwenye harusi akakataa kumalizia malipo. Tulipokwenda kuwaona, mama mmoja mtu mzima akatuuliza: "Sasa mwalimu, hizo elfu nane zimekwenda wapi?"

Swali hilo ndilo mada yetu. Tuliigeuza ile sabufa, tukatazama kibandiko kidogo cha nyuma, pale waya wa umeme unapoingia. Paliandikwa: volti 240, hezi 50, wati 60.

Hebu tufikiri pamoja. Spika haizalishi nguvu yake yenyewe. Nguvu yote hutoka kwenye soketi ya ukutani, au kwenye jenereta. Pasi ya umeme hula wati elfu moja hivi, na birika la umeme karibu elfu mbili. Kumbe wati 8,000 ni sawa na mabirika manne yakichemka kwa wakati mmoja! Tena plagi zetu za Kenya ni za ampea 13. Ukizidisha 13 kwa volti 240 unapata wati 3,120, na huo ndio mwisho wa soketi moja. Basi kitu kinachochomekwa kwenye soketi ya kawaida kitatoaje wati 8,000 mfululizo? Haiwezekani.

Ni kweli kwamba ndani ya amplifaya mna kapasita zinazoweka akiba ndogo ya umeme. Kwa sababu hiyo pigo fupi la ngoma laweza kupita kidogo ile namba ya kibandiko. Lakini kupita kidogo si kupita mara mia. Tena amplifaya za mtindo wa zamani hupoteza karibu nusu ya umeme kwa kutoa joto. Za siku hizi hupoteza kidogo zaidi ya hapo kwa maana ya uchache, yaani hazipati joto sana, lakini nazo hupoteza. Kwa hiyo kina mama wale walinunua wati hamsini hivi au pungufu, wakaambiwa elfu nane. Wahenga walisema, debe tupu haliachi kuvuma.

HERUFI NDOGO KANDO YA NAMBA

Mkitazama vizuri mtaona kuwa ile 8,000 imefuatwa na herufi nne: PMPO. Hiyo hudaiwa kuwa nguvu ya juu kabisa ambayo mtambo ungeweza kuifikia kwa kitambo kidogo mno. Hakuna kipimo kimoja kilichokubaliwa cha kuipata, kwa hiyo kila kiwanda hupima kinavyopenda. Namba ya kutafuta ni ile yenye herufi RMS. Hiyo hueleza nguvu ambayo mtambo unaweza kuitoa mfululizo, kama mtu anayebeba gunia kutoka Kongowea hadi nyumbani, si yule anayeliinua mara moja na kulitua.

Wala udanganyifu huu haukuanzia kwetu. Huko Marekani viwanda vilikuwa vikishindana kwa namba kubwa hata serikali ikaingilia kati. Mwaka 1974 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya nchi hiyo ilitoa kanuni kuhusu namna ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani, na mwaka 2024 ikaikaza tena. Kama wao walihitaji sheria, sisi nasi tusione haya kuuliza maswali dukani.

JE, SAUTI ITAFIKA NYUMA?

Wati peke yake hazitoshi. Kuna namba nyingine ambayo wengi huiruka, nayo huandikwa kwa desibeli, kwa kifupi dB. Hueleza spika inatoa sauti kiasi gani ukiipa wati moja na kusimama umbali wa mita moja. Spika nyingi za nyumbani huwa kati ya 85 na 90. Spika za ukumbini na za mikutano mara nyingi hupita 95.

Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini ni kubwa sana. Kila desibeli 3 za ziada ni sawa na kuzidisha wati mara mbili, na desibeli 10 ni sawa na kuzizidisha mara kumi. Basi spika ya desibeli 97 ikipewa wati 10 italingana na spika ya desibeli 87 iliyopewa wati 100. Pia, penye uwazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hupungua desibeli 6. Ndiyo sababu wa mwisho wa hema hawakusikia. Spika ile ilitengenezwa kwa ajili ya sebule, na uwanja wa harusi si sebule.

OMU NA HEZI

Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme. Namba ikiwa ndogo, amplifaya hulazimika kutoa umeme mwingi zaidi. Spika mbili za omu 8 zikiungwa pamoja sambamba kwenye tundu moja huwa omu 4. Ikiwa amplifaya imeandikwa kuwa mwisho wake ni omu 8, itapata moto na kuharibika. Vijana wanaopenda kuongeza spika ya tatu na ya nne wasomewe maneno haya.

Hezi hueleza sauti nzito na nyembamba. Sikio la kijana mzima husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000 hivi, na karibu kila katoni huandika namba hizo hizo. Lakini spika ya inchi tatu haiwezi kutoa besi ya hezi 20 ikasikika. Namba hizo huwa na maana pale tu zinapofuatwa na kiasi cha kupanda na kushuka, mfano desibeli 3 juu au chini. Kumbukeni pia kwamba maneno ya mtu hueleweka hasa kwa sauti za kati, kama hezi 500 hadi 4,000. Kwa mkutano au hotuba, besi nyingi hufunika maneno.

KABLA YA KULIPA

Kwanza, amueni kazi kabla ya duka. Ni ya sebuleni, ya hema, au ya uwanja? Watu wangapi?

Pili, nendeni watu watatu: mweka hazina, mwanachama mmoja, na fundi wa redio mnayemwamini ambaye hapati kamisheni dukani.

Tatu, geuzeni mtambo nyuma. Andikeni wati za kibandiko, wati za RMS, desibeli na omu. Muuzaji asipoweza kuwaonyesha RMS wala desibeli, na katoni haisemi, basi mjue hamna mnachoweza kulinganisha. Tokeni hapo kwa heshima. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nne, sikilizeni wenyewe. Chukueni maikrofoni, mmoja azungumze, wengine wasogee mbali hadi barabarani. Ongezeni sauti polepole. Ikianza kukwaruza, hapo amplifaya imefika mwisho wake. Hata mkiwa kazini, mkisikia mkwaruzo punguzeni mara moja, kwa maana huo ndio unaounguza spika ndogo za juu.

Tano, dai risiti na garantii ya maandishi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora wa kuridhisha na habari anazohitaji. Iko pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Lakini bila risiti mtashtaki kwa karatasi gani?

Sita, tunzeni. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, hula nyaya na viungio. Futeni na kufunika kila baada ya kazi. Na mkumbuke majirani: zipo kanuni za kelele za mwaka 2009, na sauti inayopita kiwango huhitaji kibali.

Kina mama wale wa Likoni hawakukata tamaa. Walimpa fundi akabadilisha spika ndogo iliyoungua, na sasa mtambo ule wanaukodisha kwa vikao vya ndani tu, watu thelathini au arobaini, nao unawafaa. Kwa ajili ya harusi wameanza kuchanga upya. Safari hii wana daftari lenye mistari minne: kibandiko, RMS, desibeli, omu.



MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Geuzeni redio au spika iliyo karibu nanyi. Kibandiko cha nyuma chasema wati ngapi, na katoni ilisema ngapi?

2. Ni vitu gani vingine tunavyonunua kwa kuangalia namba kubwa bila kuuliza inapima nini?

3. Nani katika kikundi chetu atakwenda dukani, na ataulizwa nini akirudi?