Deni la Zamani na Riziki ya Mwenye Ulemavu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Makindu)



Tumepewa heshima ya kusema juu ya jambo ambalo wengi hulinong'ona nyumbani wala hawalileti mkutanoni. Mtu alikopa angali mzima. Kisha ajali au maradhi yakamwondolea nguvu. Je, deni lake atalilipa kwa nini? Twaliweka mbele yenu kwa kuwa chama chetu nacho ni mdai, na baadhi ya wenzetu waliolala kitandani leo wamo katika daftari yetu ya mikopo.

Mji wetu ulikua na reli, na reli iliijua habari hii mapema. Katika ujenzi wa Reli ya Uganda, ulioanza mwaka 1896, waliletwa wafanya kazi 31,983 kutoka Bara Hindi. 2,493 wakafa, na 6,454 wakaachishwa kazi kwa sababu ya ulemavu au ugonjwa. Leo barabara kuu ya Mombasa yapita papo hapo, na malori na pikipiki zavunja miguu ya vijana wetu. Basi hakuna ajuaye zamu yake.

Kwanza tutazame mapato. Nyumba yenye mtu wa ulemavu mzito, asiyeweza kuishi bila mlezi, ikiandikishwa katika mpango wa Serikali wa Inua Jamii hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Mara nyingine fedha hizo hukawia. Aliyeumia kazini ana haki nyingine: kwa Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ulemavu kamili wa kudumu hulipwa fidia ya mshahara wa miezi 96, lakini dai hilo lipelekwe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali. Twawasihi jamaa wa mgonjwa wasingoje apone ndipo waulize.

Shilingi 2,000 si mali ya kugawia wadai. Kwanza chakula, pili dawa na nauli ya hospitali, tatu ada ya mtoto, ndipo deni. Yafaa mwenye deni aandike katika karatasi moja madeni yake yote: nani amdai, kiasi gani, tangu lini, na riba ngapi. Kisha amwendee kila mdai, au amtume mlezi wake, aseme wazi awezalo. Deni la shilingi 12,000 likilipwa shilingi 200 kila mwezi humalizika kwa miezi 60. Ni safari ndefu, lakini ina mwisho. Na ahadi ya shilingi 1,000 isiyotimizwa haina mwisho.

Kuna hatari moja iliyo mpya kwetu. Mikopo mingine ya simu hukatwa yenyewe mara fedha ziingiapo. Mtu akiwa na deni la namna hiyo, na fedha za msaada zikaingia katika simu ile ile, huenda asione hata senti. Kwa hiyo aulize mapema fedha zake zitapitia wapi, asije akalala njaa kwa kulipa bila kukusudia. Wala kitambulisho cha taifa, kadi ya benki, na namba ya siri si rahani. Mdai azishikaye ameshika chakula cha mtu.

Sasa twende kwa madeni ya zamani, maana hapo ndipo watu hutishwa kwa kutojua. Sheria ya Kenya yampa mdai wa mkataba miaka 6 ya kushtaki, na aliyekwisha kupata hukumu miaka 12 ya kuitekeleza. Lakini mkumbuke: mdaiwa akilipa sehemu, au akiandika na kutia sahihi kwamba adaiwa, hesabu ya miaka huanza upya. Asitie sahihi karatasi asiyoielewa. Tena benki, mkopo ukiisha kukwama, haiwezi kudai riba inayozidi fedha zilizokuwa zimesalia siku ulipokwama. Zikiwa ni shilingi 10,000, riba haipiti shilingi 10,000 nyingine, mbali na gharama za kudai. Dalali naye haruhusiwi kuchukua nguo za lazima, vyombo vya kupikia, wala kitanda na matandiko. Na kwa kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022, wakopeshaji wa simu wamekatazwa kutisha, kutukana, na kuwapigia jamaa za mdaiwa.

Mtu asidhani twafundisha kukimbia madeni. Dawa ya deni ni kulipa. Sheria ikifunga mlango wa mahakama haifungi mlango wa jirani aliyetoa mbuzi wake wakati wa ukame. Deni la namna hiyo wazee walisikilize, walipime kwa uwezo wa mtu alivyo leo, si kwa nguvu alizokuwa nazo jana. Tena mdhamini aliyelipa badala ya mgonjwa asisahauliwe. Naye ana watoto.

Kwa hiyo twauomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, mwanachama aliyepata ulemavu asitozwe faini wala riba zaidi tangu siku hiyo, ila fedha alizokopa zibaki deni. Pili, malipo yake yapangwe upya na wazee watatu pamoja na mlezi wake, wala fedha za Inua Jamii zisikatwe na chama bila idhini yake. Tatu, mdhamini asiitwe kulipa kabla ya mpango huo kujaribiwa.

Twajua wako watakaosema kwamba mfuko wetu utapungua. Huenda ukapungua. Lakini mababu zetu walipokwenda mwethya, aliyevunjika mguu hakuhesabiwa siku alizokosa. Shamba lake lililimwa pamoja na mengine. Nasi hatuna budi kuamua leo, kwa kura, kama fedha imetufanya wagumu kuliko jembe.