Kinanda Mje Nacho

Sisi wazee wa sauti ya nne tuna la kukiri siku hii ya jubilii. Vijana walipoleta kinanda chenye mdundo wa Bongo Fleva, tulisema hiyo ni disko. Watatu wakaacha mazoezi. Tulisahau miaka ya 1980, Them Mushrooms walipovuma na Jambo Bwana katika hoteli za huku pwani, nasi tukaingia kanisani na gitaa. Wazee wetu wa hapa Bofa wakatuuliza, watalii wako wapi? Gitaa hilo hilo leo tunaliita muziki wa heshima! Wanetu, rudini Alhamisi, na kinanda mje nacho. Ila sauti ya tatu punguzeni makelele, hapo hatujabadilika.