Likizo ya Mgeni na Likizo ya Mwenyeji

Leo nataka tuzungumze juu ya likizo. Najua wako watakaouliza, likizo ina nini na Neno la Mungu? Vuta kiti, tutazame.

Fikiria jamaa moja ya Ulaya: baba, mama na watoto wawili. Tuseme wanatoka Ujerumani. Kwao mwezi wa Januari giza huingia alasiri, barabara zina barafu, na watoto hushinda ndani. Mwaka mzima wameweka fedha kidogo kidogo. Siku inafika, wanapanda ndege, wanakaa angani saa nane au zaidi, na wanateremka Mombasa huku makoti mazito yakiwa mikononi. Wanavuka Likoni kwa feri, kati ya malori, mikokoteni na akina mama wenye vikapu, kisha wanafuata barabara ya kusini kiasi cha kilomita 30. Hapo ndipo Diani.

Sisi tuliozoea tumesahau jinsi pale mahali palivyo. Mchanga ni mweupe kama unga. Mawimbi makubwa yanavunjikia mbali, kwenye mwamba, na maji yanayofika ufuoni yametulia hata mtoto mdogo aweza kukaa ndani yake. Wakati wa kaskazi, tangu Desemba hata Machi, bahari huwa safi, nawe waona miguu yako mwenyewe chini ya maji. Juu ya miti wako mbega, weusi wenye manyoya marefu meupe mabegani. Wametundikiwa ngazi za kamba juu ya barabara ili wavuke bila kugongwa na magari. Ukienda Kinondo, wazee watakufunga kitambaa cheusi kabla ya kukuingiza katika msitu wa kaya, ambao tangu mwaka 2008 umo pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Na ukipanda milima ya Shimba utakuta palahala, mnyama ambaye katika Kenya yote anaishi huko tu.

Mungu aliyaumba haya, na si dhambi mtu kusafiri mbali ili ayatazame. Nasema hivyo kwa sababu wako wahubiri wanaodhani kila anayelala kwenye kiti cha ufuoni ni mvivu. Baba yule wa Ujerumani huenda mwaka mzima amewaona watoto wake wakiwa wamelala: alfajiri akitoka, usiku akirudi. Majuma mawili ya Diani ndiyo anayopata kuwajua. Tumwache apumzike.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji wa Diani amepona?

Tusiwe watu wasio na shukrani. Mshahara wa hoteli umejenga nyumba za mabati huko Ukunda na Msambweni, umelipa karo Kinango mvua ilipokosekana, na umevuka hata kufika Ukambani na Taita. Mvuvi wa Gazi huuza samaki wake, kijana huuza madafu, mama huuza mabuyu. Na uponyaji huo twaujua vizuri zaidi wageni wasipokuja. Mwezi wa Agosti 1997 fujo za Likoni zilipoanza, watu waliuawa na wengi wakakimbia makwao; wageni nao wakaacha kuja, na wafanyakazi wa hoteli wakarudishwa nyumbani. Mwezi wa Machi 2020, kwa sababu ya korona, ndege za kutoka nchi za nje zilisimamishwa, zikaruhusiwa tena tarehe 1 Agosti. Katika miezi ile, aliyekuwa mpishi mkuu Jumatatu alikuwa akilima mihogo Ijumaa.

Lakini nisikilize. Mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili kule Ukunda alinisimulia kwamba aliwauliza watoto jinsi watakavyosherehekea Krismasi nyumbani. Huyu akasema pilau, yule akasema nguo mpya. Mvulana mmoja, mwana wa mhudumu wa mezani, akajibu, "Baba huwafanyia wageni Krismasi. Sisi hutuletea yetu Januari." Alisema bila kulalamika, kama mtu asemaye kwamba kwao maji huchotwa kisimani.

Desemba ndiyo mwezi ambao watoto wote wa Kenya wako nyumbani. Ndiyo pia mwezi ambao hoteli zimejaa, na baba na mama wa watoto wa Ukunda wako kazini tangu asubuhi hata usiku. Mwezi wa Mei, kusi inapovuma, mvua inanyesha, mwani umejaa ufuoni na vyumba ni vitupu, baba yuko nyumbani. Lakini mara nyingi yuko nyumbani bila mshahara, na watoto wako shuleni. Hivyo jamaa moja imesafiri maelfu ya kilomita ili ikae pamoja, na jamaa inayoihudumia, iliyo kilomita tatu tu kutoka pale, haikai pamoja.

Sasa tufungue Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, kuanzia mstari wa 12. Ni amri ya kupumzika. Wengi huisoma kama amri ya kwenda kanisani. Itazame tena, uone ni nani wanaotajwa. Mungu anaanza na mwenye nyumba mwenyewe. Anawataja watoto, wa kiume na wa kike. Anaendelea na watumishi, mume na mke. Anafika hata kwa ng'ombe na punda, na mwisho anamtaja mgeni aliyeingia langoni. (Mke wa mwenye nyumba hatajwi. Wataalamu husema neno "wewe" limemchukua yeye pamoja na mumewe, na mimi nakubali. Lakini akina mama wengi wanaokwenda likizo na jamaa zao wangependa atajwe wazi, maana hata likizoni ni wao wanaofua.)

Kisha Mungu anaeleza sababu: mtumishi apate kupumzika sawasawa na bwana wake. Na kwa nini bwana akubali? Kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mtumwa katika Misri, na hakutoka kwa nguvu zake.

Hapa, ndugu zangu wa Pwani, hatuhitaji kwenda Misri. Wageni wa Diani huchukuliwa siku moja mpaka Shimoni, wapande mashua kwenda Wasini na Kisite kuwaona pomboo. Kabla ya kupanda, wengi huteremshwa katika mapango ambayo yaliupa mji ule jina lake. Huko husimuliwa habari za watu waliofungiwa humo wakingojea majahazi. Wageni hutoka wakiwa kimya, na nimemwona mtoto wa Kizungu akimshika mama yake mkono. Nasi tukumbuke kwamba kanisa la Pwani lina damu ya watu wa namna hiyo. Frere Town, Mombasa, iliyoanzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875, ilikuwa makao ya watumwa waliookolewa. Walioimba katika kanisa lile walikuwa watu waliowahi kuhesabiwa kama mizigo. Kwa hiyo amri ile inaposema ukumbuke ulikuwa mtumwa, inatuambia sisi habari za babu zetu.

Basi angalia ajabu iliyotokea Diani. Katika Torati mgeni yuko ndani ya lango, naye hupumzika pamoja na wenyeji. Diani mgeni yuko ndani ya lango, amepumzika, na hilo ni jema. Mwenyeji naye yuko ndani akimhudumia, na mtoto wa mwenyeji yuko nje ya lango, ambalo analindwa nalo askari aliye jirani yake wa nyumba ya pili. Mgeni hakosi kwa kupumzika. Ila orodha ya Mungu tumeikata katikati.

Wako watakaoniambia, "Mchungaji, hiyo ndiyo kazi ya hoteli, mgeni hawezi kupikiwa Januari chakula cha Desemba." Kweli. Yusufu naye alifanya kazi katika nyumba ya wenyewe. Lakini sheria ya nchi yetu haikuona jambo hili haliwezekani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 27, yataka mfanyakazi apate siku moja ya mapumziko, isiyopungua, katika kila siku saba. Kifungu cha 28 kinampa likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa kila miezi 12 mfululizo, na mshahara wake kamili. Mkristo aliye meneja, au msimamizi wa zamu, au mwenye nyumba ya kukodisha pale ufuoni, hahitaji kungojea mahubiri. Anayemwandika mtu kibarua miezi mitatu mitatu, akimtoa na kumrudisha ili miezi 12 isitimie kamwe, huyo ajue kwamba ujanja huo unaonekana kutoka juu.

Wala tusidhani wale wageni walizaliwa na likizo mikononi. Mfanyakazi wa Ufaransa alipewa na sheria majuma mawili yenye mshahara mwaka 1936, na Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1938. Kabla ya hapo, babu wa huyu anayeota jua Diani huenda hakupata kuiona bahari ya nchi yake mwenyewe. Watu walisema wakati ule kwamba viwanda vitakufa. Havikufa.

Siku hizi si wageni wa Ulaya peke yao wanaokwenda Diani. Tangu mwaka 2017 gari la moshi jipya huwaleta watu wa Nairobi hadi Mombasa, na ndege ndogo hutua Ukunda. Jamaa za makanisa yetu ya Nyeri, Kisumu na Eldoret sasa hukodi nyumba pale mwezi wa Desemba. Ni jambo la kumshukuru Mungu, mtoto wa Nyeri kuionja chumvi ya bahari. Lakini wewe dada unayepanga safari hiyo, yule msichana wako wa kazi utamfanyaje? Ukimchukua ili akulelee watoto ufuoni na kupika usiku, basi yeye hakwenda likizo, amehamishwa jiko tu. Mpe siku zake, na nauli, aende kwa mama yake. Na ukifika, mfahamu anayekutandikia kitanda. Muulize jina lake na watoto wake wako wapi. Ukimpa kitu siku ya kuondoka, mpe mkononi, kwa heshima, kama umpavyo ndugu.

Katika Marko sura ya 6, mitume wanarudi kwa Yesu wamechoka. Watu walikuwa wengi mno, wakiingia na kutoka, hata nafasi ya kula haikupatikana. Kila mhudumu wa mezani wa Diani anaifahamu hali hiyo. Yesu akawaita waende naye mahali pa faragha wakapumzike kidogo. Wakaenda kwa chombo. Kweli, umati uliwatangulia kwa miguu, na kazi ikaanza tena. Lakini kabla ya mkate wa watu 5,000, Bwana aliona kwanza njaa na uchovu wa wale waliokuwa wakihudumu.

Kwa hiyo nina neno kwa makanisa ya kusini ya Pwani. Mfanyakazi wa zamu hawezi kuja saa nne asubuhi siku ya Jumapili. Tusimwandike katika daftari kuwa mtoro. Mahali penye wengi wa namna hiyo, pawe na ibada ya Jumatatu jioni, au alasiri saa wanapobadilishana zamu. Krismasi yao, ikiwa ni katikati ya Januari, mchungaji aende ale nao. Jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika Kwale, wana shida ile ile siku ya Idi na saa ya sala ya Ijumaa. Ni jambo ambalo wazee wa kanisa na wa msikiti wangeweza kwenda kulisema kwa meneja pamoja, badala ya kila mmoja kwenda peke yake na kurudishwa langoni.

Nawe baba uliye mhudumu, mpishi, dobi au mlinzi, nina neno kwako pia. Siku yako ya mapumziko itakapofika, iwe ya mvua, iwe ya Jumatano, usiimalizie yote kitandani. Mngojee mtoto wako atoke shule, umchukue mwende baharini. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, yasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni mali ya umma. Si ya hoteli. Piteni katika njia ya wavuvi, maji yakiwa yamekupwa, mtembee mpaka kwenye mwamba, umwonyeshe kaa na nyota za baharini. Mwambie majina yake kwa lugha ya nyumbani kwenu.

Tuombe. Bwana, usiku huu wako walioko zamu huko Diani, Tiwi na Msambweni, na watoto wao wamelala bila kuwaona. Wafikishe nyumbani salama kwa matatu ya mwisho. Wakumbuke na wageni waliolala huko, na wale watakaovuka Likoni kesho. Katika jina la Yesu. Amina.