Sikio Lisiende Likizo

Wiki hii nataka tuzungumze habari ya vijana wetu wanaotunga nyimbo kwa kompyuta. Wako watu wazima wanaodai kwamba huo si muziki, ni kubonyeza vitufe tu. Mimi sikubaliani nao. Lakini sikubaliani pia na kijana anayedhani kwamba kazi ikishaingia kwenye kompyuta, sikio lake linaweza kwenda likizo.

Kwanza tuelewane. Mwezi Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki huko California, Marekani, vinanda viwili vya makampuni tofauti viliunganishwa kwa waya. Kimoja kilikuwa cha Sequential Circuits, kingine cha Roland ya Japani. Ukikipiga hiki, kile kinaitika. Lugha waliyozungumza inaitwa MIDI, na hadi leo ndiyo inayotumika. Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, waliosimamia kazi hiyo, walitunukiwa tuzo ya Grammy ya ufundi mwaka 2013.

Sasa shikeni jambo moja: MIDI haihifadhi sauti, inahifadhi maagizo. Kitufe gani kimegongwa, kwa nguvu gani kati ya 1 na 127, na kimeachiwa lini. Ni maelezo ya mapishi, si sufuria ya pilau. Ndiyo maana mahadhi uliyorekodi kwa piano yanaweza kupigwa kwa filimbi, na noti moja iliyokosewa ikasahihishwa bila kurudia wimbo mzima. Kwa kijana anayelipia studio kwa saa, hiyo si nafuu ndogo.

Kazi yenyewe huanza kwa kutandika kodi. Sisemi kodi ya nyumba. Nasema noti tatu au zaidi zinazolia pamoja. Chukua kodi nne zinazopendwa sana: C, A maina, F na G. Kompyuta inazizungusha, nawe unarekodi mahadhi juu yake. Mwongozo wa kuanzia ni mwepesi. Kodi inapobadilika, noti nzito ya mahadhi itue kwenye mojawapo ya noti za kodi hiyo. Juu ya F, tua kwenye F, A au C. Noti nyingine ni za kupitia tu.

Lakini Kiswahili nacho kina sheria yake. Mkazo wetu kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na ukihama, maana yaweza kuhama nayo. Tazama neno "barabara". Ukisema ba-ra-BA-ra, ni njia ya magari. Ukisema ba-RA-ba-ra, ni sawasawa, bila kasoro. Kijana anamwimbia mchumba kwamba penzi lao ni barabara, pigo zito linaangukia silabi isiyo yake, na msikilizaji ndani ya daladala anasikia habari za lami!

Kuna na amri ya kunyoosha, inayovuta kila noti ikae juu ya pigo kamili. Ni msaada kwa vidole vinavyotetemeka. Hata hivyo, mwimbaji hodari huchelewa kidogo kwa makusudi, na utamu wake umo humo. Ukinyoosha kila kitu, umemfuta mtu. Programu nyingi zinakuruhusu kunyoosha nusu tu. Basi anza na nusu.

Na mpenzi wa taarabu akumbuke kwamba kinanda kina hatua 12 katika oktavu moja. Sauti za katikati, ambazo fidla na udi huzifikia kwa kuteleza, hazina vitufe. Zitafutwe kwa lile gurudumu la kupindia sauti lililo pembeni ya vinanda vingi, au aitwe mpiga fidla naye apate riziki.

Ushauri wangu kwa kijana ni huu. Zungusha kodi zako, kisha imba maneno kwa mdomo kabla hujagusa kitufe. Maneno yakikaa vizuri, ndipo upige mahadhi yaleyale kwenye kinanda na kuyarekodi. Usahihishaji uje mwisho, tena kwa mkono mwepesi. Kompyuta itayashika maagizo yako yote bila kusahau hata moja. Kama maagizo yenyewe ni mabovu, itayashika vilevile.

Kwa leo naishia hapo. Kwaherini.